Waya wa Njano Ukabaki Nje

Aliyekuwa mume wangu ana duka la ufundi hapa Dunda, Bagamoyo, mtaa wa pili kutoka kwangu. Juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: FUNDI WA PICHA SAFI. Kila asubuhi nikienda kununua vitumbua napita chini ya maandishi hayo, na kila asubuhi moyo unanichemka upya. Mwenye kovu usidhani kapoa, hasa kama kovu lenyewe limepakwa rangi juu ya mlango wa mtu.

Najua kisasi si kitu kizuri. Nilifundishwa hivyo chuoni nikiwa na juzuu kifuani, na nimewafundisha hivyo watoto wa ndugu zangu. Lakini hapa naandika yaliyokuwa, siandiki yaliyotakiwa yawe. Nilitaka kulipa, nikalipa, na sitajifanya kwamba nimejuta.

Picha safi ile ilikuwa yangu. Tulipooana yeye alikuwa na meza moja, viti viwili na chuma cha kulehemu alichorithi kwa mjomba wake. Alijua kubadilisha fyuzi, kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti, na kuzungumza na wateja mpaka wakasahau walichokuja kulalamikia. Mimi nilikuwa nimesomea umeme miaka miwili nikaachia njiani kwa sababu ya ndoa. Yeye alikaa mbele, penye baraza na wanaume. Mimi nilikaa chumba cha nyuma, pazia katikati. Deki ya mteja iliingia kwa mlango wake, ikaletwa nyuma ya pazia, nikaitengeneza, ikarudi mbele, na shukrani zote zikaishia huko huko mbele.

Wakati ule VCD ndiyo zilikuwa zimeenea. Kila nyumba iliyojiweza ilikuwa na deki na TV ya chogo, na nyuma ya kila deki palikuwa na matundu matatu: nyekundu na nyeupe kwa ajili ya sauti, njano kwa ajili ya picha. Ubaya ulikuwa kwenye hiyo njano. Picha ina mambo mawili, mwanga na rangi, na deki iliyasonga yote mawili yapite kwenye waya mmoja. Ni sawa na kumpakulia mgeni wali, mchuzi na mchicha vimevurugwa bakuli moja, kisha umtake avitenganishe mwenyewe. TV ilihangaika, ikashindwa, na ndiyo maana wekundu wa midomo ulivuja hadi mashavuni na shati la mistari likatetemeka lenyewe. Watu walidhani picha ndivyo ilivyo.

Siku moja mchana nilikuwa na deki ya bei rahisi ambayo tundu lake la njano lilikuwa limeliwa na chumvi ya pwani. Sikuwa na tundu jingine la kuweka. Nikaanza kufuata njia za shaba kwenye bodi kwa ncha ya sindano, nikitafuta picha inakotokea. Nikafika kwenye aisii, kile kidude cheusi chenye miguu mingi kama tandu. Miguu miwili ilikuwa haijaunganishwa na kitu chochote. Nikagusa mmoja kwa waya uliokwenda kwenye TV, picha ikaja nyeusi na nyeupe, kali, kila unywele unauona. Basi mguu wa pili ndio ulibeba rangi. Waliotengeneza deki ile walikuwa wameshavitenganisha vitu vyote viwili vizuri kabisa, kisha kwa ubahili wa soketi moja wakavifungia humo ndani.

Nikalehemu rezista mbili, nyaya mbili, na soketi ya duara yenye matundu manne madogo niliyoing'oa kwenye deki iliyokufa. Tulikuwa na TV kubwa ya chogo, mtumba wa Uarabuni, yenye soketi kama ile ile ambayo hakuna aliyewahi kuitumia. Nikaunganisha, nikawasha. Nilikaa sakafuni nikitazama mwanamke akipika chapati kwenye mchezo wa kuigiza, na niliweza kuhesabu madoadoa ya chapati. Nililia. Sijui watu wengine hulia kwa lipi, mimi nililia kwa madoadoa ya chapati.

Mume wangu alirudi msikitini, akasimama mlangoni na kanzu yake.

"Nani kakuonyesha?" akauliza.

"Deki yenyewe," nikamwambia.

Kesho yake nilimsikia barazani akiwaeleza wenzake jinsi alivyokesha siku tatu mpaka akagundua. Nikacheka nyuma ya pazia. Mke mpya hucheka mambo mengi, na mimi niliona sifa ya nyumba ni moja. Hilo lilikuwa kosa langu, na simsingizii mtu.

Wenye vibanda vya kuonyesha video wakaja kutoka mji mzima, na wengine kutoka Msata, deki zimefungwa kwenye kanga kama watoto wachanga. Wote walitaka soketi ya duara. Ndipo yale maandishi mekundu yalipopakwa juu ya mlango. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi.

Kisha ikaja deki ya Japani. Mwenyewe alikuwa akikaa Mbegani, alitoka masomoni Japani akarudi nayo, na kanda zake hazikutoa rangi kwenye TV za kwetu. Aliniletea mimi, kwa maana ya kwamba alimletea mume wangu, naye akaniletea mimi. Nikaigeuza chini nikasoma: volti mia. Umeme wetu ni zaidi ya mara mbili ya huo. Nikabandika karatasi juu ya waya wake, nikaandika kwa kalamu nene USICHOMEKE UKUTANI, nikatoka kwenda kuazima tiransifoma ya kushusha umeme.

Niliporudi chumba kilikuwa kimejaa moshi. Mteja alikuwa amewahi, na mume wangu, ili aonekane ana haraka ya kuhudumia, alichukua deki akaichomeka. Karatasi yangu alikuwa ameikunja akaiweka pembeni. Mama yake alikuwa ameketi kizingitini na ungo wa mchele, akichagua mawe. Aliona yote.

Nikasikia mume wangu akisema kule mbele, kwa sauti ya kutosha baraza zima: "Mke wangu kaichezea. Nilimwambia asiguse. Mwanamke na umeme wapi na wapi." Wanaume wakaguna kwa huruma, na huruma ilikuwa kwake. Nikamtazama mama mkwe. Akainamia ungo wake.

"Nyamaza, mwanangu," akaniambia. "Watu wanasikia."

Nikanyamaza. Siku ile nilinyamaza, na kimya kile kimenigharimu kuliko neno lolote nililowahi kusema. Tulipobaki peke yetu nilimwomba mume wangu jambo moja tu: arudi barazani akaseme ukweli. Akasema nataka kumvua nguo mbele za watu. Nikasema nataka avae zake, aniachie zangu. Ugomvi ukachukua siku nne, na siku ya tano akaniandikia talaka.

Nikaenda kukalia eda kwa shangazi yangu Msata. Huko nikabaki miaka mingi, nikitengeneza redio na simu za abiria na madereva wa malori pale njia panda. Kila aliyetoka Bagamoyo alikuwa ameshasikia habari za mwanamke aliyechoma deki ya Japani. Mmoja alinisimulia mimi mwenyewe, akicheka, huku nikimtengenezea chaja. Mama mkwe alipofariki nililetewa habari kwa wakati. Sikwenda. Nilisema, akazikwe na ungo wake.

Shangazi naye alipotangulia mbele ya haki nikarudi Dunda, nikapanga chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Kazi ilikuja kidogo kidogo, simu na redio za wanawake wa jirani. Deki hakuna aliyeniletea. Kwa deki walikwenda kwa fundi wa picha safi, ambaye siku hizi halehemu kitu. Anauza viboksi tu, vile vya kugeuza matundu ya zamani yaingie kwenye TV za flati.

Mwaka jana, kabla ya mfungo, aliingia kwangu mwanamke wa rika langu kutoka nyumba moja ya wafanyabiashara wenye asili ya Oman. Buibui nzuri, manukato ya udi yakabaki chumbani mpaka kesho yake. Tukasalimiana kwa urefu, hali, nyumba, wazee, kisha akavuta kigoda karibu.

"Shoga yangu, nimekuja na jambo la siri," akasema. "Binti yangu anaolewa mwezi wa sita. Anataka kumwona bibi yake akicheza kwenye harusi yangu mimi. Kanda ninayo, deki ninayo. Nimepeleka deki kule kwa mwenzio wa zamani, kaniuzia kiboksi. Nikichomeka, TV inaleta buluu tupu."

"Alijaribu kwa kanda gani?"

"Ya kwake, ya mechi ya mpira. Alitaka nimpe yangu. Nikamwambia, baba, kanda hii ina mama yangu kichwa wazi, ina wifi zangu wamevaa vya ndani ya nyumba. Hii haitazamwi na mwanamume. Akasema basi haiponi."

Nikamwelewa. Kwetu pwani sherehe ya wanawake ni ya wanawake, na kanda yake hukaa kabatini chini ya nguo, ufunguo kwenye pindo la kanga. Wangapi wameacha kanda hizo zioze kwa sababu mafundi wote ni wanaume! Nikahisi kitu kinapanda kifuani, na sitasema kilikuwa wema. Nilichofikiri ni kwamba hapa yeye hawezi kunifuata. Pazia lile lile alilonifungia nyuma yake, leo limemfungia yeye nje.

"Kanda yako haitatoka nyumbani kwako," nikamwambia. "Nitakuja mimi."

Nilikwenda siku tatu mfululizo, asubuhi, wanaume wa nyumba wakiwa dukani. Kanda ilikuwa na ukungu mweupe pembeni, nikaifungua nikaifuta taratibu kwa pamba, mita kwa mita, mwenyewe akinishikia taa. Kisha nikamweleza kwa nini TV yake inaleta buluu. Picha ya kanda ya zamani huyumba. TV ya chogo ilikuwa na subira, chochote kilichokuja ilikipokea, kikipinda na yenyewe ikapinda nacho. TV ya flati haina subira. Inataka kila mstari ufike kwa wakati wake, na mstari ukichelewa inasema hakuna kitu, inakuwekea buluu. Kiboksi nacho kimeumbwa na tabia hiyo hiyo.

Nikafungua deki yake. Nikatafuta mahali mwanga unapopita peke yake na mahali rangi inapopita peke yake, kabla havijakutanishwa, nikalehemu nyaya mbili, nikatoboa nyuma, nikaweka soketi ya duara. Mikono ilikumbuka yenyewe. Kutoka hapo nikapitisha picha kwenye deki ya kurekodi DVD, mashine ambayo wenzangu waliitupa zamani na mimi nilitoka nayo Msata. Ndani yake mna kitu kinachoipokea picha inayoyumba, kinaishika kidogo, kinaipanga mistari, kisha kinaitoa imetulia. Kutoka kwenye mashine hiyo ndipo nikaingia kwenye TV ya flati.

Mlango ukafungwa kwa komeo. Binti yake akaja, na shangazi mmoja wa nyumba ile. Nikawasha.

Bibi alitokea amevaa kitambaa cha dhahabu, kichwa wazi, anacheza kwa mabega tu, mikono imetulia. Binti akasimama, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alikuwa hajamwona bibi yake hata siku moja. Mama yake akakaa sakafuni akalia kwa sauti, na mimi nikageuka upande wa pili nikajifanya napanga bisibisi. Ilikuwa picha safi. Nasema hivyo bila haya.

Ilikuwa mbele zaidi, baada ya kumvisha bibi harusi dhahabu, mpiga picha, mwanamke mwenzao, alipokwenda kula. Aliiacha kamera juu ya meza inaendelea kuchukua. Ikaonekana sinia la halua, vikombe, na mkono wa mwanamke mtu mzima wenye bangili mbili nyembamba za fedha. Bangili zile nilizijua kabla sijasikia sauti. Kisha kikaja kikohozi, kile kikohozi kikavu, mara mbili na kicheko nyuma yake. Mama mkwe.

"Nipe maji, mwanangu, halua imenikaba," akasema. Akacheka.

Mwanamke mwingine, asiyeonekana, akamuuliza: "Na yule mkaza mwanao? Tunasikia kawaunguzia deki ya watu."

"Nani? Yule? Thubutu! Deki kaiunguza mwanangu kwa mkono wake, mimi nimekaa pale na ungo wangu namwona. Karatasi imebandikwa, yeye kaitoa kachomeka. Fundi ni yule mtoto wa kike. Huyu wangu hajui hata kushika chuma." Wakacheka wote.

"Sasa mbona hukusema?"

Bangili zikalia.

"Nikamwaibishe mwanangu mbele za watu? Nimezaa huyu mmoja tu. Lakini yule mtoto wa watu tumemdhulumu, na siku nikionana naye nitamtaka radhi. Mungu amsitiri mwanangu. Kama ni dhambi, na mimi nimo."

Mpiga picha akarudi, kamera ikainuliwa, ngoma ikaendelea.

Wale watatu walinitazama. Wote walikuwa wanajua hadithi ya deki ya Japani, Bagamoyo nzima inaijua. Nilimkasirikia mama yule upya, kwa sababu alijua na akausema ukweli wangu mahali ambapo hautafika popote, kati ya halua na vikombe, mbele ya wanawake peke yao. Aliusema nikiwa Msata nimekaa eda. Na mimi nilikataa hata kwenda kumzika.

Mwenye kanda akafuta macho, akasema taratibu: "Shoga, picha yangu haitoki. Hilo tulikubaliana."

"Haitoki," nikasema.

"Lakini sauti ile si ya mama yangu, wala si ya wifi zangu." Akamtazama shangazi yake, shangazi akatazama dari. "Ni ya mama yake mzazi. Sauti ya mama kwa mwanawe imekuwa haramu lini?"

Nikarudisha kanda nyuma. Nikaweka diski tupu kwenye mashine ya kurekodi. Nikachomeka waya mwekundu na waya mweupe. Waya wa njano niliutoa, ukabaki nje, unaning'inia mezani. Nikarekodi kuanzia kikohozi mpaka "na mimi nimo".

Nilikwenda dukani kwake baada ya sala ya Alasiri, kwa sababu ndio wakati baraza linajaa. Walikuwepo wanne, wawili kati yao walikuwepo tangu siku ya moshi, ndevu tu ndizo zimebadilika. Nikawatolea salamu, wakaitikia. Yeye alikuwa nyuma ya meza, kiboksi mkononi.

"Karibu, bibi," akasema. "Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Ile deki uliyosema haiponi imepona. Nimeleta diski uone kazi. Weka kwenye deki yako mwenyewe, kwenye TV yako mwenyewe."

Hakuweza kukataa mbele za watu. Watu ndio aliowaogopa maisha yake yote. Akaingiza diski. TV kubwa iliyotundikwa ukutani, anayoonyeshea wateja, ikawa nyeusi tii. Akangoja. Akagonga deki kwa kidole. Kisha akawageukia wa barazani akatabasamu.

"Picha iko wapi, bibi? Umerekodi giza?"

"Picha si yako," nikamwambia. "Sikiliza."

Kikohozi kikaja.

Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikiuwaza uso wake wakati ule. Akilini niliuona ukiiva kwa aibu, niliona akikimbilia kitufe cha kuzimia, niliona baraza likimgeuka. Sauti ikasema yote, neno kwa neno, kwenye duka la picha safi lisilo na picha. Fundi ni yule mtoto wa kike. Huyu wangu hajui hata kushika chuma. Mmoja wa wale wawili wa zamani akasema, "Kumbe!" Mwingine akanitazama, halafu akatazama viatu vyake. Hilo nililipata, na lilikuwa tamu, nisiseme uongo.

Lakini yeye hakuzima. Aliweka kiganja juu ya deki kama mtu anayepima homa ya mtoto. Diski ilipokwisha akasema, "Irudishe."

Nikadhani anataka kutafuta hila. Nikairudisha. Ilipokwisha mara ya pili akasema tena, sauti imepungua, "Irudishe, tafadhali." Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Mama yake hakupenda kupigwa picha. Hakuacha hata moja, wala simu hazikuwa za kurekodi zama zile. Miaka yote hiyo, yeye mwenye duka lililojaa mashine za kutunza sauti za watu, hakuwa na sauti ya mama yake.

Wa barazani wakaondoka mmoja mmoja, kwa heshima, wakisema "Innalillahi" na "Mungu amrehemu". Nikawasikia wakienda: masikini, kamsikia mama yake. Masikini! Nimekuja na panga, mtu kalipokea kama zawadi. Nikatoa diski yangu nikatoka, na nilikuwa na hasira kuliko nilivyoingia.

Kesho yake asubuhi akaja kwangu. Alipiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia nikiwa mkewe. Alikuwa na flashi mpya, bado iko kwenye karatasi yake.

"Naomba uniwekee sauti ya mama," akasema.

"Nitakuwekea."

Akasimama, akaizungusha ile flashi vidoleni. Nikajua kuna jingine.

"Kama inawezekana," akasema, "nikatie pale anapocheka na kuomba maji, na pale mwisho anaponiombea Mungu. Yale ya katikati... yaache."

Hakusema samahani. Alikuja na ombi lake mpaka mlangoni kwangu, amelia mbele za watu, mama yake amesema kwa kinywa chake kwamba walinidhulumu, na bado alichotaka ni kwamba nimsaidie kuiondoa ile karatasi kwenye waya mara ya pili.

Kukata sauti ni kazi ya dakika moja. Mwanafunzi yeyote wa sekondari mwenye simu anaweza. Mtu aliyejiita fundi miaka zaidi ya ishirini angelijua hilo kabla ya kujua jina la mkewe.

"Haikatiki," nikamwambia. "Iliingia pamoja, inatoka pamoja."

Akanitazama. Nikangoja acheke, aseme bibi wewe, unanidanganya mimi fundi mwenzio? Hakucheka. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mteja anayeelezwa ubovu wa deki yake.

"Haikatiki," akasema. "Basi weka yote."

Nikamwekea yote, nikamrudishia flashi yake, akashukuru, akaenda. Nilifunga mlango nikakaa juu ya kigoda. Siku nyingine atakuja mtu amwambie kwamba inakatika, hilo nalijua. Lakini ili amwombe mtu amkatie, itambidi kwanza amsikilizishe.

Na mimi ninayo iliyokatwa. Niliitengeneza jioni ile ile: kikohozi, maji, kicheko, na dua, imesafishwa mpaka unasikia bangili. Iko kwenye droo, ndani ya bahasha. Siku atakaporudi kwenye baraza lake, watu wakiwepo, akaseme ukweli kwa mdomo wake, nitampelekea kwa miguu yangu. Yangu mimi nimejikatia kipande kingine kidogo, pale mama yake anaposema siku nikionana naye. Hicho nakisikiliza peke yangu, kisha namwombea, maana sikumzika.

Baada ya mfungo, asubuhi moja, nilikuwa naenda kununua vitumbua kama kawaida. Duka lake lilikuwa halijafunguliwa sawasawa, mlango nusu. Maandishi mekundu yako pale pale juu. Nikasikia kikohozi ndani. Alikuwa ameketi na kikombe cha chai, peke yake, anasikiliza. Aliniona. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe, ukasimama, ukarudi kwenye kikombe, kwa sababu dua ilikuwa haijafika, na dua iko mwisho.

"Fundi ni yule mtoto wa kike," mama yake akasema.

Nikasimama chini ya maandishi yale nikasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaenda kununua vitumbua vyangu.